Paka wa Nyirarukundo

Goma, Himbi, tarehe 12 ya mwezi wa pili 1996

Mama Kahambu,

Pokea salamu zetu sote: mimi mutoto wako Donat, muke wangu Rosine, na Daniella. Huku tuko wazima, tukiacha vumbi la muji huu ambalo unalijua. Tunatumaini kamyo ya Josias ilikufikisha Butembo bila shida, na kwamba mujomba Kambere alikuwa amekwisha kukutayarishia chumba. Umusalimie sana.

Nyumba imekuwa kimya. Daniella anauliza kila asubuhi tate wake, yaani wewe bibi yake, atarudi lini, na ninamujibu kwamba umeenda kupumzika. Ni kweli, Mama. Wewe uliyenilea tangu mama yangu alipofariki, usifikiri hata dakika moja kwamba tumekufukuza. Hewa ya kule itakusaidia, na muzee Kambere ni ndugu yako wa damu.

Kazini wametuongezea saa lakini mushahara hawajaugusa. Rosine anaendelea na kikundi chake cha maombi. Kifua cha Daniella kimetulia kidogo.

Paka Masera yuko salama. Usiwe na wasiwasi juu yake.

Mutoto wako,
Donat


Butembo, tarehe 9 ya mwezi wa tatu 1996

Donat mutoto wangu,

Barua yako imenifikia juzi. Josias alikuwa ameifunga ndani ya karatasi ya sabuni, inanukia kuliko mwenye kuisoma. Ninakusalimia wewe, Rosine, na Daniella wangu. Kambere na muke wake Clotilde ni wazima. Chumba changu kiko nyuma ya depo ya maharagi. Magoti yananiuma, kwa sababu Butembo kuna baridi kuliko Goma, jambo ambalo unalijua tangu ulipokuwa mudogo. Sisemi zaidi.

Ninataka kusema juu ya Masera. Mulinipandisha kamyo haraka, sikupata nafasi ya kukuachia maelezo. Umununulie vichwa vya sambaza, wale samaki wadogo, pale soko la Kituku, asubuhi, mbele jua halijavipiga, na uvichemshe. Maji yabadilishwe kila siku. Sikio lake la kushoto lilikuwa na ukurutu; mafuta ya veterinere yako kwenye chupa ya kijani, dirishani mwangu. Mwezi wa sita sindano yake ya kichaa itafikisha mwaka. Umurudishe kule kwa dokta wa wanyama, hata kama wale wanaume watakucheka. Mimi walinicheka, walisema wamezoea kuletewa mbwa na ng'ombe, mutu wa paka nilikuwa wa kwanza. Lakini walimudunga.

Tena ukumbuke kwamba yule paka si wangu. Mwaka ule wakimbizi walipoingia kutoka Rwanda, mimi nilikuwa nimesimama kwenye barabara na ndoo ya maji, unakumbuka. Nyirarukundo alipita na kikapu kichwani. Nilifikiri ni kuku. Alikunywa, akashusha kikapu, akaniambia kwamba paka ni wa binti yake, na binti alikuwa amekufa na kipindupindu siku mbili nyuma, wakamuacha juu ya mawe kwa sababu kule Goma ardhi haichimbiki. Alisema kule kambini Mugunga paka hatapona. Akasema: "Munitunzie. Nikirudi kwetu nitapita kumuchukua." Nilimujibu ndiyo. Jina la Masera nilimupa mimi, kwa kile kichwa cheupe kama kitambaa cha masista, wale tunaowaita masera.

Kwa hiyo ni amana. Akija Nyirarukundo siku ya Mungu, Jumapili, umuache akae naye kama nilivyokuwa ninamuacha.

Mama yako,
Kahambu


Goma, Himbi, tarehe 28 ya mwezi wa ine 1996

Mama,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Utusamehe kwa kuchelewa. Kwa wiki tatu hakuna gari lililopita njia ya Rutshuru, na Josias hakutaka kubeba hata karatasi. Pasaka tulikula vizuri kiasi. Daniella amejifunza kusoma majina ya maduka. Ungefurahi, wewe uliyefundisha darasa la kwanza miaka yote ile.

Umeuliza juu ya Masera. Ameongezeka unene. Sikio limepona, mafuta nilipaka. Kila asubuhi ninamupa maziwa yake na anamaliza yote.

Nyirarukundo alikuja siku ya Mungu. Nilimuambia paka ametoka kuwinda. Alikaa kwenye kizingiti mpaka saa kumi, kisha akarudi Mugunga. Nitamueleza vizuri siku ingine.

Mulale salama kule,
Donat


Butembo, tarehe 2 ya mwezi wa sita 1996

Donat,

Ninawasalimia. Kambere ana homa lakini anatembea. Mvua imeharibu nusu ya depo, tumeshinda siku mbili tukianika maharagi.

Masera hanywi maziwa. Yanamuharisha, na mara ya mwisho yalimuharisha juu ya viatu vyako vya kazi, ukakasirika juma zima. Wewe mwenyewe ulikataza asipewe tena. Nimesoma mustari ule mara nyingi.

Kuna jambo lingine. Clotilde amenitengea sahani yangu na kikombe changu, na anaviosha mbali na vingine. Kanisani mama mumoja alimuvuta mutoto wake nilipotaka kumupa mukono. Nilikaa na hayo mwezi mzima, halafu nikamuuliza Kambere. Alitazama chini. Akasema: "Ni maneno ya Goma, dada. Yalifika hapa mbele wewe hujafika."

Sikumuuliza yalifika kwa barua ya nani.

Daniella anaendeleaje na kifua?

Kahambu


Goma, Himbi, tarehe 21 ya mwezi wa saba 1996

Mama,

Nakuandikia haraka, Josias anaondoka sasa hivi. Sisi wazima, ila Daniella alishikwa tena, vibaya kuliko mwezi wa kwanza. Midomo ilikuwa ya bluu. Tulimukimbiza dispanseri na dokta Buhendwa alimupa dawa ya kuvuta. Tulishangaa sana, kwa sababu tangu paka aondoke tulifikiri kifua kitapona.

Dokta anauliza maswali mengi juu ya nyumba yetu. Nitakueleza.

Habari za mapigano kule Masisi si nzuri. Muombee muji wetu.

Donat


Butembo, tarehe 15 ya mwezi wa nane 1996

Donat,

Leo ni sikukuu ya Bikira Maria, nimetoka misa. Namushukuru Mungu kwa Daniella na kwa dokta yule.

Umeandika: tangu paka aondoke. Aliondoka lini? Akaenda wapi? Sikuulizi ili nikuhukumu. Nauliza kwa sababu mwenye paka ni muzima, yuko Mugunga, na mimi ndiye niliyemujibu ndiyo.

Kahambu


Goma, Himbi, tarehe 20 ya mwezi wa kumi na mbili 1996

Mama Kahambu,

Tuko hai. Naanza na hilo kwa sababu najua mumesikia mengi. Vita viliingia Goma mwanzo wa mwezi wa kumi na moja. Tulilala chini ya meza siku tatu, Rosine, Daniella na mimi. Ukuta wa jirani ulibomoka, wetu umesimama. Josias alirudi wiki hii na kusema Butembo pia vimepita na kwamba nyumba ya muzee Kambere haikuguswa. Nililia niliposikia.

Barua yako ya mwezi wa nane niliipata mbele vita havijaingia. Nilikuwa na wiki nyingi za kuijibu na sikuijibu. Sasa nitasema yote, na ukipenda usome mara moja tu uichome.

Mwezi wa kwanza, Daniella alipokosa pumzi, Rosine aliita watu wa kikundi chake. Kiongozi wao Mama Joviale aliomba, kisha akauliza ni nani ndani ya nyumba hana mutoto wake wa kuzaa, na ana munyama anayelala kifuani mwa mutoto wa wengine. Alisema paka anamunyang'anya pumzi na kumupelekea mwenye kumutuma. Rosine alinitazama. Mimi nimesoma, Mama, wewe ndiye uliyenisomesha. Nilijua ni upuuzi. Lakini mutoto alikuwa anatoa sauti kama mulango mubovu, nami nilitaka kuwe na mutu wa kulaumu. Nilimuandikia mujomba Kambere akuchukue. Na ili asikatae, nilimuandikia sababu: kwamba unamuroga mutoto. Ile barua ni yangu. Si ya Rosine.

Siku mbili baada ya wewe kuondoka nilimutia Masera ndani ya gunia na kumupeleka Mugunga na gari ya kazi. Nilijidanganya kwamba namurudisha karibu na mwenyewe. Kama ingekuwa kweli, ningemutafuta Nyirarukundo na kumupa mukononi. Sikumutafuta, kwa sababu angeuliza. Nilifungua gunia kando ya barabara ya Sake na nikageuza gari.

Siku ya tano ilikuwa siku ya Mungu. Tulikuwa tunatoka misa, watu wengi barabarani. Masera alikuwa amekaa mbele ya mulango wa parseli yetu, kiwanja cha nyumba. Alikuwa ametembea njia yote ile juu ya mawe ya volkano, na miguu yake ilikuwa imechanika. Aliponiona alisimama na kuja. Mutu mumoja akasema: "Ni yule paka wa mama mulozi, amerudi." Jiwe la kwanza sijui lilirushwa na nani. Mimi nilikuwa pale, na kitabu cha misa mukononi. Kama ningesema maneno mawili tu, kwamba ni wetu, wangeacha. Walikuwa majirani, watu wanaonisalimia. Sikusema. Rosine alifunika macho ya Daniella, lakini masikio hakuyafunika. Masera alikufa akiwa amesogea mpaka karibu na kiatu changu. Nilipokuandikia kwamba yuko salama, alikuwa na siku nane tangu kufa, na hata kumuzika sikumuzika. Sijui ni nani aliyemuondoa.

Dokta Buhendwa alipokuja kuiona nyumba, alicheka kidogo, kisha hakucheka tena. Unajua kwamba tangu askari waanze kuiba masufuria uani, tulipikia kwenye koridori. Mbabula, lile jiko la makaa, ilikuwa hatua tatu kutoka kitanda cha mutoto, na vumbi la barabara likiingia dirishani. Alisema ugonjwa unaitwa pumu, nami nikakumbuka kwamba baba yangu alikuwa nao. Nilimuuliza juu ya paka. Alisema manyoya yake yanaweza kuwasha vifua vya watoto wengine. Nikauliza kinachofanyika basi. Akajibu: "Analala nje, munafua blanketi. Ni hayo tu." Tumeitoa mbabula nje. Daniella hajashikwa tangu mwezi wa kenda, hata katika vita.

Sasa sehemu ambayo ni nzito kwangu kuliko zote. Katikati ya mwezi wa kumi na moja kambi ya Mugunga ilifunguka na watu wakaanza kurudi kwao. Walipita siku nyingi mufululizo, barabara haikuonekana kwa vichwa vya watu. Nyirarukundo alitoka ndani ya ule umati na kuja kwetu. Alikuwa na kikapu. Alikuwa amekikosha. Alisema: "Nimekuja kumuchukua, tunaenda nyumbani." Nilimuambia amekufa kwa ugonjwa. Akaomba nimuonyeshe mahali alipozikwa. Nilimupeleka kwenye maua ya Rosine, kando ya ukuta, nikaonyesha na kidole udongo ambao hauna kitu chini. Alipiga magoti hapo. Aliposimama alinishika mikono yote miwili na kunishukuru kwa sababu nilijisumbua kumuzika, wakati yeye hakuweza kumuzika hata binti. Halafu alirudi barabarani na watu wake.

Mama, urudi nyumbani. Rosine pia anakuomba, ingawa anaona haya kuandika. Chumba chako kiko.

Donat


Butembo, tarehe 16 ya mwezi wa pili 1997

Donat,

Ninawasalimia wewe na nyumba yako. Nashukuru mungali wazima. Kambere amepona, Clotilde amepata mujukuu wa kiume kwa binti yake wa kwanza, wote wanaishi hapa. Kama nimechelewa kujibu, ni mimi mwenyewe, si barabara.

Sikuichoma barua. Nimeisoma zaidi ya mara moja.

Mimi pia nina yangu. Siku ile Mama Joviale alipouliza swali lake, nilikuwa chumbani, na ukuta ule ni wa mbao. Nilisikia kila neno. Nilisikia pia kwamba wewe ulinyamaza. Asubuhi uliponiambia juu ya mapumziko, nilikubali bila kuuliza. Unajua kwa nini? Nilifikiri nikiondoka kwa upole, bila kelele, mutatosheka na mimi, na paka mutamuacha. Ningesimama saloni, pale mulipokaa, na kuwauliza wote, wewe na muke wako na yule mama, pengine ungeona haya, na Masera angepona. Nilifundisha watoto wa watu miaka thalathini kusema ukweli kwa sauti, na siku yangu ilipofika nilifunga valizi yangu ya nguo.

Kuna lingine. Niliona kwamba Daniella anakohoa zaidi asubuhi akilala na paka. Niliona, na nikamuacha, kwa sababu walipendana na mimi nilipenda kuwatazama. Haukuwa ulozi, lakini ningemutoa kitandani.

Juu ya Nyirarukundo, sina la kukusaidia. Alitaja kilima chao mara moja na mimi sikukiandika. Nimeandika kwa mapadri wa paruasi ya Gisenyi, kule Rwanda, kuuliza. Kama atapatikana, ni mimi nitakayemuambia, kwa kuwa ni kwangu alimuacha.

Kurudi Goma sitarudi. Usiniulize tena. Lakini ile barua yako kwa Kambere ilisomwa hapa mbele ya watu, Clotilde na majirani wawili wakiwa wamekaa. Uje uikanushe mbele ya watu hao hao, kwa mudomo wako. Karatasi haitoshi.

Kahambu


Goma, Himbi, tarehe 6 ya mwezi wa ine 1997

Mama,

Pokea salamu zetu. Daniella amepoteza meno mawili ya mbele na anakutumia picha aliyochora.

Nitakuja. Josias anasema anaondoka wiki mbili baada ya hii. Nilianza hapa kwanza: katika mukutano wa shirika letu la kanisa niliomba neno, nikasema kwamba niliyosema juu yako yalikuwa uongo na kwamba mutoto alikuwa na pumu. Muzee mumoja aliuliza kama tunaweza kuendelea na mambo ya kufagia kanisa. Mama Joviale alinifuata nje na kuniambia hana kinyongo. Hakusema kwamba alikosa.

Rosine ameacha kikundi. Hatusemezani sana siku hizi.

Donat


Butembo, tarehe 8 ya mwezi wa sita 1997

Donat mutoto wangu,

Ninakusalimia, na Rosine, na Daniella, ambaye picha yake iko ukutani kwangu. Natumaini ulifika salama na mugongo haukukuuma sana kwa ile safari. Kutoka paruasi ya Gisenyi hakuna jibu. Nimeandika mara ya pili.

Ulikuja, ukasimama katika saloni ya Kambere, ukasema. Nilitaka kukuambia inatosha, lakini nilikuacha umalize. Kambere alilia. Wale majirani wawili walinipa mukono, mumoja wao kwa moyo. Jioni ile Clotilde alipakua chakula kwenye sahani moja na sote tukala, na tangu siku hiyo kikombe changu kinaoshwa pamoja na vingine. Nakushukuru kwa hilo. Ninasema wazi kwamba nimekusamehe, ili usiendelee kuuliza katika kila barua.

Lakini ujue hali ilivyo. Wiki iliyopita mujukuu wa Clotilde alishikwa na kikohozi cha kawaida, cha mvua. Mama yake, binti wa Clotilde, aligeuka tu, akatafuta na macho ni wapi nimekaa, kisha akaona haya na kutazama pengine. Nilichukua kiti changu nikaenda kukaa uani. Sasa nafanya hivyo kila mutoto akikohoa. Wao hawaniambii nitoke, na hawaniambii nirudi.

Uliomba Daniella aje kwangu wakati wa vakansi, likizo ya shule. Ninamutaka sana. Nimeanza kumushonea gauni, kwa kukisia urefu wake. Umulete, na dawa yake ya kuvuta musiisahau. Ila muke wako aje naye, alale naye chumba kimoja, mimi nitalala kwa depo. Ili mutoto akikohoa, kuwe na mutu wa kusema nilikuwa wapi.

Mama yako,
Kahambu